Neno Langu la Siri na Mashahidi Wake

Jumatatu, 12 Januari 2004
Umri wangu sabini na nane. Nimemzika Mwingereza, nimezika ushirika, nimezika duka la kaya na foleni yake. Leo nishindwe na kisanduku?

Mapeasi yangu yameiva yote kwa mpigo. Siku hizi wanunuzi wa Dar hawapandi mlima kubahatisha. Wanaandika oda kwenye intaneti, ukurasa wa wakulima. Wa kwanza kujibu ndiye anayepakiwa mzigo. Nimekwenda kwa Yunis, binti mwenye kompyuta hapa Lushoto. Kanipa shikamoo, kanipa kiti. Ukurasa ukafunguka, kabichi za picha tele. Kisanduku cha oda, cheupe, oda hata moja haionekani! Eti nijitambulishe kwanza. Mimi! Mombo mpaka Mlalo nani hanijui? Nikamwambia Yunis akiambie. Akasema babu, hiki hakimjui hata mkuu wa wilaya. Nikaondoka.

Jumanne, 13 Januari
Shemeji Hezekia, mwalimu mstaafu, tumepakana mashamba. Naye ana mapeasi, na kisandukuni anaingia! Anatembea kama ng'ombe wa maonyesho. Kwa Yunis nikasimama nyuma yake, nikachungulia neno lake la siri. Nyota tupu! Nikahamia kompyuta ya pili, nikaandika jina lake na nyota zile zile. Kimekataa. Hezekia akauliza, shemeji, kwenye jina langu umepoteza nini? Nikamjibu nanyoosha vidole.

Jumatano, 14 Januari
Basi, yaishe. Yunis kaniandikisha. Akasema nichague neno ninalolijua peke yangu, akageuza uso. Nikaweka ZUMBE, chifu wa Kisambaa, maana uchifu nilistahili. Kisanduku wazi! Oda zinaingia kesho.

Lakini mtu mzima hamiliki kitu bila mashahidi. Shamba langu lina mashahidi, ndoa zangu zina mashahidi. Nikamwita Mbaraka fundi cherehani na Mzee Tobia, nikawatamkia polepole, wakalirudia. Tobia akauliza, na jirani wa mpakani? Kweli, huyo hakosekani. Nikamwita Hezekia.

Alhamisi, 15 Januari
Nimejibu oda, nikawa wa kwanza! Hezekia kaja nyuma, mdomo umemshuka. Nimekwenda kuvuna.

Ijumaa, 16 Januari
Lori limepita kwangu bila hata kupunguza mwendo. Limepakia kwa Hezekia! Dereva anasema mimi mwenyewe niliandika kisandukuni jana mchana: yangu yana funza, chukueni ya shemeji. Nikamfuata Hezekia na fimbo. Akasema, si uliniita shahidi? Nimeshuhudia.

Jumamosi, 17 Januari
Mapeasi yanaliwa na nyuki. Yunis kanibadilishia neno. Akanisihi, babu, safari hii usimwambie mtu, hata mimi. Mtoto wa juzi! Kosa lilikuwa uchache wa mashahidi. Watatu, mmoja mwizi! Mbele ya umati nani angethubutu?

Neno jipya ni MLALO. Nimelitangaza sokoni, juu ya kreti. Anayebisha kwamba ni langu amuulize Mbaraka, amuulize Tobia, Secilia wa maandazi, kondakta wa basi la Mombo. Na Hezekia. Yeye nimemtamkia mara mbili, asije akasema hakusikia.