Antena Yenye Akili

Bwana Mawimbi hakuwahi kufanya kazi ya kumchafulia shati, lakini masikio yake hayakujua likizo. Ndiyo maana alipomsikia Mama Ghorofa, mwenye jengo la ghorofa tatu, akilalamika dukani kuwa wapangaji wanamkimbia, wanahamia jengo la ng'ambo ya barabara kwa sababu lina intaneti, alisahau hata sabuni aliyoifuata.

"Shikamoo mama," alisema kwa upole wa daktari. "Dawa yako ni antena yenye akili."

"Marahaba. Akili gani?"

"Zile za kawaida humwaga mawimbi ovyo, hata paka wa jirani anapata. Hii inamtafuta mteja alipo, inamwelekezea yeye tu. Akienda jikoni, inamfuata jikoni."

"Na akienda chooni?"

"Inampa heshima yake, lakini haimwachi."

Asubuhi iliyofuata antena ikasimikwa juu ya paa. Tuseme ukweli kidogo, maana uongo wa kutosha unakuja: ilikuwa mifupa ya mwamvuli iliyovishwa karatasi ya aluminiamu, na waya wake uliishia kwenye tangi la maji. Mtandao wenyewe ulitoka kwenye simu ya Bwana Mawimbi, iliyojificha ndani ya koti ikiwagawia wapangaji bando lake.

Na ulikamata kweli! Fundi cherehani wa ghorofa ya juu alimpigia dada yake simu ya video, wakaonana, wakalia, wakaanza kugombana papo hapo. Alikuwa ameshafunga mizigo ahame, akaifungua. Mama Ghorofa akatoa malipo ya awali bila kuomba apunguziwe, jambo lisilopata kutokea tangu jengo lijengwe.

"Nakwenda kuleta kifaa cha kukazia," akaaga Bwana Mawimbi.

Hajafika chini, kelele juu. "Dada amekatika!" Akapanda kuwatuliza, dada akarudi, akaendeleza ugomvi pale pale alipouachia. Akashuka, dada akapotea. Akapanda, dada huyo!

Mama Ghorofa alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama.

"Mwanangu, imekuzoea wewe."

"Nani?"

"Antena. Si ina akili? Imekupenda. Ukiondoka itasusa."

Akafunga geti, ufunguo akautia kifuani. Wapangaji wakaafiki kwa sauti moja. Huyu akaleta kiti, yule chai, na mwingine akamwomba asogee kidogo upande wa dirisha, picha zinagandaganda.

Maskini tapeli! Maisha yake yote alizoea kufukuzwa, leo anabembelezwa abaki. Akikiri, kipigo. Akizima simu, antena imemfia mikononi. Basi akakaa. Mchana bando likaisha, akanunua jingine kimyakimya. Watoto wakagundua katuni, akanunua tena. Jioni malipo ya awali yalikuwa yameliwa yote, na yeye ndiye aliyepakua.

"Mama," alisema jasho likimtoka, "nina mke ananisubiri."

Mama Ghorofa akaketi kando yake, akanong'ona. "Mwanangu, hiyo simu nimeiona inawaka tangu asubuhi, ulipoinama kufunga waya kwenye tangi langu."

Bwana Mawimbi akalifumbata koti lake. "Sasa mbona ulinilipa?"

"Fundi alikuwa ameshafunga mizigo. Ningebaki na jengo la popo. Nilitaka intaneti, wala sikuuliza inatoka wapi." Akatoa ufunguo mwingine. "Chagua. Niwaite wapangaji niwaeleze, au uchukue chumba cha ghorofa ya pili, pale katikati, kila mtu akupate vizuri?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hii iliishia ghorofa ya pili. Mkewe alimfuata na godoro, akashukuru kumpata mume anayeshinda nyumbani. Bwana Mawimbi anaheshimiwa sana pale, na akitaka kwenda kunyoa lazima aage milango yote. Kodi analipa kama wenzake, pamoja na ada ya intaneti.