Vita vya Kulinda Kilima cha Nyuma ya Choo

Sogeeni, enyi wenye masikio na subira, msikie habari za Mpima Mkuu, bwana wa darubini na miguu yake mitatu, aliyelipima bonde la jangwa la nyanda za juu, kavu na tambarare kama sinia, asikute hata kichuguu cha kupachika jina lake. Jambo hilo lilimkata maini, kwa kuwa shemeji yake, mpima mwenzake, alikuwa na mlima mzima kwenye ramani ya kaskazini, na hakuna mlo wa familia uliopita bila kuutaja. Na hii ilikuwa ramani yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Basi shujaa wetu akatupa jicho nyuma ya choo cha kambi, akaona rundo la udongo uliotoka shimoni, kimo chake kifua cha mtu. Akalipima kwa unyenyekevu wote. Akalichorea mstari wa mwinuko, kiduara kama kifungo cha shati, akaandika jina lake kando.

Siku ya kuvunja kambi akatokea adui, Mpishi, mtawala wa masufuria, sepetu begani, aje kufukia choo kama ilivyo desturi ya wapimaji. Mpima Mkuu akapanda kileleni kwa hatua moja na nusu, akavua kofia, akahutubu.

"Ewe mwenye sepetu, rudi ulikotoka. Ardhi hii imekwisha kuingia kwenye ramani, na atakayeigusa ameigusa historia."

"Mzee, huu udongo wa choo," alisema Mpishi. "Nimeuchimba mwenyewe. Tuurudishe tu, gari linasubiri."

"Lisubiri. Mimi nimesubiri utumishi wangu wote."

Vita vikaanza. Mpishi alichota ubavuni, shujaa akarudisha kwa viganja, suruali ya heshima ikawa ya fundi matofali, mpaka dereva akapiga honi na Mpishi, aliyetamani kwao kuliko haki, akasalimu amri.

Ramani ikachapwa. Shemeji akaisogeza karibu na taa, akakiona kiduara, na mlo mzima ukapita bila mlima wake kutajwa. Upepo wa bonde ulikuwa umekwisha kukila kilima zamani, ukaliacha shimo. Ndiyo maana jina la Mpima Mkuu litadumu vizazi na vizazi: kila msafiri anayelifuata kwa ramani, bila kukosea hata hatua, hutumbukia chooni.