Virusi Elfu Moja Vilivyobaki Hai

Idara ya Nyuso Zinazogusana na Chakula ya mji wa Haepo, kusini mwa Korea, ilitangaza kwa vipaza sauti vyote kumi na viwili vya bandarini kwamba hakuna virusi vitakavyoruhusiwa tena kuishi juu ya meza, kisu, sinia wala ubao wa kukatia samaki. Tangazo lilisomwa mara tatu. Mara ya tatu lilisomwa polepole, kwa faida ya virusi vyenyewe.

Sababu ilikuwepo. Wiki mbili kabla, karamu moja ya harusi yenye chaza wabichi ilimalizikia msalani, bwana na bibi harusi wakiwa mbele kwenye foleni. Soko la samaki likafungwa. Mkurugenzi wa Idara, Bwana Maeng Chang-ho, akaahidi redioni kwamba litafunguliwa siku itakapopatikana dawa inayoua virusi asilimia mia moja. Bwana Maeng hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa jambo alilokwisha kulisema redioni.

Kazi ya kuitafuta dawa hiyo ilimwangukia Tak Yeon-suk, mpimaji pekee wa Idara, ambaye maabara yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, jirani na mtambo wa kupasha maji. Alichukua virusi vya panya, ndugu wa karibu wa vile vya harusini ila havimdhuru mtu, akavipaka kwenye vipande vidogo vya chuma cha pua. Akaviacha vikaukie hapo pamoja na uchafu kidogo, ili mambo yafanane na sokoni. Akamimina dawa, akangoja dakika tano, akaizimua isiendelee kuua, kisha akahesabu vilivyobaki hai. Dawa moja ya klorini iliua asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa.

Alipanda ngazi mbili mbili kwenda kuripoti.

"Hizi nukta ni za nini?" Bwana Maeng aliuliza.

"Ndicho kiasi dawa ilichoua, Bwana Mkurugenzi. Ni matokeo mazuri sana."

"Na iliyobaki?"

"Kati ya virusi milioni kumi, vimebaki kama elfu moja."

Bwana Maeng akavua miwani. "Viko wapi?"

"Chini, maabara."

"Vinafanya nini?"

Yeon-suk alifikiri. "Nadhani vinasubiri."

"Mtaalamu Tak, unataka niende redioni niwaambie wananchi kuna elfu moja wametushinda, na anwani yao tunayo?"

Mchana uleule ikaundwa Kamati ya Vilivyosalia, wajumbe saba. Ilikaa siku nne, ikanywa chai ya shayiri, na ikagundua kwamba kosa halikuwa la dawa. Kosa lilikuwa idadi ya kuanzia. Mtu akianza na milioni kumi, lazima abakize.

"Anza na vichache," Bwana Maeng aliagiza.

"Nikianza na vichache, vitakavyobaki vitakuwa vichache mno kuhesabika. Hatutajua kama dawa ni kali au tumebahatisha."

"Kuna uwezekano kikabaki kimoja?"

"Upo."

"Basi anza na sifuri."

Yeon-suk alidhani amesikia vibaya. "Bila virusi, tutakuwa tunapima nini?"

"Dawa. Virusi vilikuwa vinatuharibia kipimo."

Kwa njia hiyo mpya matokeo yalipendeza. Hakuna kirusi hata kimoja kilichonusurika. Bwana Maeng akatoa Waraka Namba 41, wenye muhuri mwekundu: dawa yoyote itakayoletwa na mwananchi ipimwe kwa njia hiyo, na ikifikisha mia moja ipewe cheti bila ucheleweshaji. Ufunguzi wa soko ukapangwa Ijumaa. Meza ya heshima ingefutwa kwa dawa yenye cheti kipya kuliko vyote, na Mkurugenzi mwenyewe angekula chaza wa kwanza juu yake, mbele ya Meya na wapiga picha.

Yeon-suk alikuwa na miaka kumi na mitatu kazini, na hakuwahi kuandika namba ya uongo. Hii nayo haikuwa ya uongo, ndicho kilichomkosesha usingizi. Akaenda sokoni kwa Mama Pyo Mal-rye, muuza chaza na pweza aliyekuwa akimuuzia chakula tangu alipoanza kazi. Mama huyo alikuwa amekaa juu ya beseni lililogeuzwa, mbele ya mlango uliofungwa, akiutazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda. Yeon-suk akamweleza yote.

"Kwa hiyo binti, mkipima maji ya bomba?"

"Mia moja, shangazi."

"Mchuzi wa figili?"

"Mia moja."

Mama Pyo akageuka kutazama ndoo iliyokuwa kivulini. "Na yale maji niliyooshea pweza? Yako pale tangu mlipotufungia."

"Usiniletee. Ukiniletea, lazima nipime. Ndivyo waraka unavyosema."

"Nimekuelewa," Mama Pyo alisema, akainuka kutafuta chupa yenye mfuniko.

Cheti chake kilitoka Alhamisi jioni, cha sitini na tatu na cha mwisho. Bwana Maeng alikipiga muhuri akiwa anaongea na simu.

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Pyo aliifungua chupa mbele ya umati. Meya akasogea nyuma hatua sita, ghafla akapenda kuitazama bahari. Mama Pyo akaifuta meza ya chuma kwa nguvu zote, akaweka chaza mmoja aliyefunguliwa juu ya chuma kilicholowa.

"Karibu, Bwana Mkurugenzi. Usione haya, jisikie nyumbani."

Bwana Maeng akamwinamia Yeon-suk sikioni. "Hii ni nini?"

"Dawa, Bwana Mkurugenzi. Ina muhuri wako."

"Ina virusi?"

"Kwa Waraka Namba 41, hatuvitafuti."

"Tak, nakuomba."

Yeon-suk alimwonea huruma. "Usimle huyo chaza," alinong'ona. "Sema tu kwamba kipimo kilikosewa. Nitaleta klorini, meza itafutwa upya, tutamaliza."

Bwana Maeng akazitazama kamera. Akaitazama maikrofoni ya redio. Akakohoa.

"Dakika tano za kungojea dawa ifanye kazi hazijatimia," alitangaza.

Watu wakangoja. Zilipotimia, akaziongeza kuwa saa moja, kwa tahadhari. Saa ilipokwisha, Meya, ambaye alikuwa na njaa, akauliza zoezi litachukua muda gani.

"Mpaka Idara itakaporidhika."

Yeon-suk akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti, kwa heshima zote: katika muda wa kungojea, uso uliopakwa dawa usiruhusiwe kukauka, na afisa aliyetangaza muda huo asiondoke mpaka uishe.

"Nani aliandika hivyo?" Bwana Maeng aliuliza.

"Saini ni yako, Bwana Mkurugenzi."

Meya hakungoja zaidi. Dawa ya asilimia mia moja ilikuwa imepatikana, cheti kilikuwepo, akakata utepe. Akina mama wakaingia sokoni, wakasugua mbao zao kwa klorini ya Yeon-suk, wakangoja dakika tano, wakasuuza, wakaanza kuuza. Hakuna aliyeugua.

Bwana Maeng yuko palepale, siku ya tisa sasa, chini ya mwavuli wa Idara, na chupa ya kunyunyizia mkononi. Pembe moja ya meza ikianza kukauka, ananyunyizia maji ya pweza. Barua anazitia saini magotini.

Jana Mama Pyo alimpelekea bakuli la uji wa chaza, wa moto.

"Chaza umewakatia kwenye ubao gani?" Bwana Maeng aliuliza.

"Wa klorini, baba. Kula."

Alikula mpaka akakwangua bakuli, mkono wa pili ukiendelea kunyunyizia.