Wati Mia Nne Matopeni

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kimefika! Kipimo cha nguvu. Unakifunga kwenye pedali ya baiskeli, na kioo kidogo kwenye usukani kinakuonyesha unakanyaga kwa wati ngapi. Nimeuza kochi. Mke wangu, Umutesi, ameuliza wageni watakaa wapi. Nimemjibu kwamba wageni wa bingwa husimama.

Jumapili ni mbio za matopeni. Unakanyaga, unashuka, unaruka mbao na baiskeli begani, unapanda tena. Mshindi ataiwakilisha klabu Kigali. Nafasi ni moja. Ni yangu, ila mpinzani wangu Kirezi bado hajajulishwa.

Jumatano, 8 Oktoba
Kirezi anauza dawa mjini na hunishinda kila mara, kwa bahati. Amekitazama kipimo changu kama mtu aliyeona mbuzi amevaa tai. Kisha, mbele ya klabu nzima: "Bon, Rugwiro, wakati baiskeli iko ku bega, hiyo mashini inapima nini?"

Vicheko. Swali la kitoto! Nimelifikiria hadi jioni. Jibu ni sifuri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mazoezi njia ya Nyundo. Wati mia tatu! Nimempigia Umutesi. Ameuliza kama zinatosha kupasha pasi. Wivu huo.

Mkakati: nikishuka, namba inaanguka. Kwa hiyo sishuki. Mzee Bahizi, mwenyekiti wetu, amenishauri nipunguze upepo kwenye matairi, maana mvua inakuja na tairi laini hushika tope. Nimemshukuru kwa adabu zote. Upepo hauna wati.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua. Nimeanza mbele ya wote. Wati mia nne! Namba nzuri kiasi kwamba sikuweza kuondoa macho. Mbao nimeziona zikiwa zimeshafika. Baiskeli ikasimama. Mimi nikaendelea.

Kirezi akaniruka, baiskeli begani, akasema, "Pole sana, kaka." Pole ya kweli. Hiyo ndiyo iliyouma kuliko goti.

Kilimani wote wakashuka, wakakimbia. Mimi nikakanyaga. Gurudumu lilizunguka vizuri sana, palepale. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kanisani akanipita kwa miguu, mwavuli mkononi, akanitakia Jumapili njema.

Kirezi wa kwanza. Mimi wa mwisho, nyuma ya bwana aliyekatikiwa na mnyororo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Goti limevimba kama papai. Mzee Bahizi amepiga simu. Kirezi anakwenda Kigali, na ameomba mimi nikamshikie baiskeli ya akiba, kwa sababu nina moyo. Nimekubali. Nikakata simu.

Umutesi ameleta maji ya moto na chumvi, akanikanda bila kunicheka hata kidogo. Akanisihi nikiuze kipimo, ninunue matairi ya matope, nijifunze kukimbia. Maneno ya busara. Nimeyasikiliza yote.

Halafu nikachambua namba kwa utulivu. Ukweli ukajitokeza. Kwa wati, nimekuwa wa kwanza kati ya wote waliopimwa! Tena kifaa hiki hupima mguu wa kushoto tu. Huku kulia kumekuwa na uzembe usiosimamiwa na mtu.

Nimeagiza cha pili.