Maharagi Yasiyo na Mwenyewe

Jumapili, tarehe 13 mwezi wa kumi

Padri Didier ametangaza leo. Papa Élie, mukubwa wa shirika letu la wakristo wa mtaa, amehamia Shabunda kwa binti yake, na Jumapili ijayo tutachagua mwingine. Hakuna wagombea. Kila mtu ataandika jina moja kwenye karatasi. Atakayejitaja au kuomba kura, jina lake linafutwa. Tutafute aliye mnyenyekevu, akasema padri.

Miaka kumi na minne mimi ni katibu wa shirika hili. Miaka kumi na minne naandika nani kaja, nani hakuja. Nina miaka sitini na mmoja, magoti yameisha kwa kupanda vilima vya Kadutu, na nimechoka kuwa wa pili. Nakitaka kile kiti. Basi, nimesema. Humu tu.

Wa kuogopa ni mmoja: Barthélemy, fundi wa nguo. Hajui hata kupata ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini watu wanampenda, sijui juu ya nini.

Mpango: kuwa mnyenyekevu kuliko wote. Siku saba tu. Nitaweza.

Jumatatu, tarehe 14

Misa ya asubuhi. Nimeacha nafasi yangu ya mbele, nikaenda benchi la mwisho kabisa, ili padri anione na aniite mbele. Barthélemy tayari yuko pale! Nikamwambia asogee mbele, nyuma ndiko ninakostahili mimi. Akasema hapana, Papa Adalbert, wewe ni katibu. Nikasema hapana, wewe. Akasema haya, asante, akaenda mbele. Mara moja tu nilimsihi, na akakubali! Mtu gani huyu?

Nikaona benchi la mwisho si nyuma ya kutosha. Nikatoka, nikapiga magoti nje mlangoni. Mvua ikaanza. Nikavumilia hadi baraka ya mwisho.

Baada ya misa padri akamwuliza mke wangu, Mama Chancelle, kama mimi ni mgonjwa, maana hakuniona kanisani. Sasa ni mgonjwa kweli. Mafua.

Jumanne, tarehe 15

Bomba halitoi maji tangu juzi. Vizuri sana. Nimejaza bidon la lita ishirini kwenye chemchemi kule chini na kumpelekea Maman Agathe, mjane anayekaa peke yake karibu na sisi. Kuna njia fupi. Nimepita ile ndefu, ya sokoni, saa watu wanapotoka kazini. Watu kumi na wanane wamenisalimia. Kila mmoja nilimwambia si kitu, si kitu, namsaidia tu mjane.

Maman Agathe akanishukuru sana. Akasema Barthélemy alimletea mawili asubuhi na hana tena chombo cha kuwekea. Nikarudi na bidon langu, limejaa vile vile. Mgongo, aie!

Mama Chancelle akaniuliza tangu lini natembeza maji sokoni wakati nyumbani hakuna hata ya kunawa. Nikampa lile. Hakusema asante.

Jumatano, tarehe 16

Wazo! Kitubio! Pale padri lazima anisikilize hadi mwisho.

Nimepiga magoti, nikajishitaki: nina unyenyekevu uliopita kiasi. Nakaa nyuma. Napigwa na mvua. Nawapelekea wajane maji na simwambii mtu. Padri akakohoa, akakohoa tena. Nikadhani ameguswa.

Kisha akanipa malipizi. Kabla ya Jumapili nitende jambo moja jema ambalo hakuna atakayejua kwamba ni mimi. Si mke wangu, si mwenye kutendewa, si yeye padri.

Hakuna atakayejua! Sasa lina faida gani? Heri angenipa rozari hamsini. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima shamba zima.

Alhamisi, tarehe 17, asubuhi

Nimefikiri vizuri. Padri alisema nisijulishe mtu. Hakusema mtu asitambue mwenyewe.

Nimepima kilo tano za maharagi, yale mama mkwe alituma kutoka Luhwindja. Nimeyafunga kwenye mfuko. Ndani, juu ya maharagi, nimeacha ukurasa wa zamani wa daftari langu la mahudhurio, kana kwamba umeangukia humo. Mwandiko wangu shirika lote linaujua. Saa kumi na mbili mfuko ulikuwa mlangoni pa Maman Agathe. Hakuna aliyeniona.

Moyo wangu umetulia kabisa. Nangoja.

Alhamisi, baadaye

Ee Mungu wangu.

Saa tatu nikasikia makelele kutoka chini. Sumu! Sumu! Nikashuka mbio, na njiani ndipo akili ikanirudia. Mimi, mutoto wa Bukavu, niliyezaliwa hapa hapa! Nani katika mji huu unaoogopa sumu hivi anakula chakula alichokikuta mlangoni, kisicho na mwenyewe?

Majirani walikuwa wamezunguka mfuko, kila mtu mbali nao hatua tano. Maman Agathe ameketi kwenye ngazi analia, anauliza amemkosea nani, yeye ambaye hata jana hakuna alichokula. Hilo sikulijua. Juzi nilisimama pale na bidon langu na sikumwuliza.

Mtu akafungua mfuko kwa kijiti. Ukurasa wangu ukatoka. Majina, na mbele ya kila jina, misalaba! Ndiyo alama yangu ya aliyehudhuria, msalaba mmoja kwa kila mkutano. Lakini nani angetulia kusoma mwandiko? Wakapiga kelele kwamba hao ndio watakaokufa. Mama mmoja akahesabu ya kwake, tisa, akaanguka chini. Huyo haji hata mara kwa mara. Wanaume wakasema aliyeweka mfuko akijulikana, ataona.

Nilitaka kusema ni mimi. Kweli nilitaka. Lakini nikisema, nimevunja malipizi, tena nimejitaja, tena watanipiga. Nikapaza sauti kuliko wote: ni nani mwenye roho mbaya namna hii!

Ndipo akaja Barthélemy, pini bado kwenye kola. Akauchukua ukurasa. Akausoma pole pole. Akaniangalia. Akaukunja, akautia mfukoni, akasema maharagi haya ni mazima, apewe sufuria. Wakamkataza. Akayachagua na kuyaosha mwenyewe, akayapika mbele ya watu wote, muda mrefu, yale ya Luhwindja ni magumu. Akala sahani nzima. Tukasimama tukingoja afe. Hakufa. Akaomba chumvi, akala nyingine.

Basi Maman Agathe naye akala. Alishika sahani kwa mikono miwili na hakuiacha. Machozi yakanitoka, na hayo sikuyapanga. Nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu binti yetu Chancelle aolewe. Nadhani furaha hiyo ilidumu dakika tano.

Kisha watu wakampigia Barthélemy makofi. Kwa maharagi yangu!

Ijumaa, tarehe 18

Mama Chancelle ameuliza maharagi ya mama yake yamekwenda wapi. Nikasema panya. Akaniangalia sana. Akasema kama panya huyo ndiye aliyemlisha Maman Agathe, basi amefanya vizuri, ila sasa anyamaze.

Nimelala mchana wote. Sina nguvu tena ya kuwa mnyenyekevu.

Jumapili, tarehe 20

Injili ya leo ilikuwa ya wale ndugu wawili waliomwomba Yesu viti, mmoja kuume, mmoja kushoto. Niliwahurumia. Kuomba waziwazi, mbele ya wenzao wote! Hawakuwa na mpango.

Kura baada ya misa. Barthélemy, ishirini na saba. Maman Agathe, tatu. Mimi, mbili. Moja naijua, niliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ya pili nikamshukuru Mama Chancelle. Akasema nisimshukuru, yeye kaandika Barthélemy.

Barthélemy alisimama, akasema asante, akakaa. Kwenye ngazi za nje akanivuta kando, akanirudishia ukurasa wangu, umekunjwa vizuri. Akasema kura yake alinipa mimi. Akasema habari ya ule mfuko hajamwambia mtu na hatamwambia. Maman Agathe anakula hadi leo, hilo latosha. Akaniomba niendelee kuwa katibu, maana yeye kuandika kunamshinda.

Nikaona aibu. Aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nilitembea nayo kutoka kanisani hadi soko la Kadutu, nikasimama kati ya wauza samaki, nikajiambia: Adalbert, sasa inatosha. Umeona mnyenyekevu wa kweli anavyokuwa. Pumzika.

Nikapumzika. Nikala. Halafu nikafikiri.

Saa kumi nimerudi paroisse, kwenye ofisi ya padri, kuandikisha nia ya misa ya Jumapili ijayo, ile inayosomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Nimeandika: Tumwombee mtu asiyejulikana aliyempa mjane maharagi ya Luhwindja, mzee wa miaka sitini na mmoja, nyumba ya tatu kulia ukipita bomba, mlango wa kijani, baba yake Chancelle. Chini nimeandika kwa herufi kubwa kwamba jina lisitajwe.

Watu wakiniuliza kama ni mimi, nitakana. Mara moja tu, si zaidi.