Hitilafu za Bure Kwenye Mashine ya Dengu

Jumatatu, 18 Agosti

Wiki ya mwisho ya majaribio yangu kazini. Ijumaa naajiriwa au natimuliwa. Jibu nalijua: naajiriwa. Nimeshachagua na meza, ile ya dirishani.

Karakana yetu hapa Saskatoon, Kanada, inaunda mashine ya kuchambua dengu. Dengu zinapita kwenye mkanda, kamera inazikagua moja moja, programu inaamua. Jiwe likionekana, hewa inalipuliza pembeni, fyuu! Bosi wetu, Bi Marlene Kowalchuk, anataka programu mbili zishindane. Moja ya Lorne Friesen, mwenye digrii na kalamu tatu mfukoni. Nyingine yangu mimi Delmar, niliyekaa chuo miezi mitano nikaelewa yote.

Lorne anahoji kila punje. Wewe nzima? Na wewe? Kama bawabu wa harusi anayepekua hadi bibi harusi. Mimi simhoji mtu. Programu yangu inakimbia tu. Ikikuta jiwe inarusha hitilafu, yaani inapiga yowe kwamba kuna kosa, na kipande kingine cha programu huko juu kinaidaka. Nilisoma mahali kwamba njia hii haina gharama. Bure kabisa! Sentensi ilikuwa inaendelea, lakini njaa iliniuma.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemshinda Lorne! Kwa unywele, lakini nimemshinda. Tulipitisha gunia zima, yangu ikamaliza kwanza.

Lorne akanung'unika kwamba dengu zile zilikuwa safi mno. Lazima ziwe safi, nilizichambua kwa vidole vyangu Jumapili kutwa. Hilo sikumwambia.

Akaja mezani kwangu na ile sauti yake ya mwalimu wa shule ya Jumapili. "Delmar, bure ni kutorusha. Ukirusha, unalipa."

Kisha somo refu. Eti hitilafu ikirushwa, programu inasimamisha kila kitu, inafungua kitabu kinene cha orodha, inatafuta nani wa kudaka, inarudi juu ghorofa kwa ghorofa ikifagia kila chumba inachopita. Eti muda wa kurusha mara moja, yeye angekuwa ameshahoji punje elfu.

Nikamwambia wivu una dawa, lakini haiuzwi Saskatoon.

Jumatano, 20 Agosti

Mteja anakuja Ijumaa: Mzee Stan Wasylyk, mkulima. Nimeingia stoo mapema, nikachagua gunia la maonyesho, nikalichambua tena. Vidole vimevimba kama soseji. Akili bila jasho haifiki mbali.

Lorne kabandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta yangu: jiwe kwenye dengu ni hitilafu, au ni kawaida? Swali gani hilo? Nikamjibu kwa mgongo wa karatasi: mchoro wake yeye, masikio ya punda. Akautundika ukutani na kusema pua yake nimeipatia. Mtu asiyekasirika anachosha sana.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeongeza makali. Sasa mkanda una njia nane, programu yangu inazihudumia zote kwa pamoja. Lorne kaguna, kasema njia zote nane zitagombea kitabu kile kile kimoja. Nikampa pirogi yangu moja, kiandazi cha viazi, anyamaze. Akala, hakunyamaza.

Bi Marlene kaniuliza kama nimejaribu dengu chafu. Nikasema ndiyo. Niliwahi kuziona.

Ijumaa, 22 Agosti

Mzee Wasylyk kaja na gunia lake mwenyewe! Limetoka kwenye kombaini asubuhi hii. Mawe, panzi, mabua, na kitu naapa kilikuwa kifungo cha shati. Nikampendekezea gunia langu kwa adabu zote. Akasema yeye hauzi dengu zangu.

Ya Lorne ikatangulia. Fyu, fyu, fyu. Mawe kule, dengu huku. Inachosha hata kuitazama.

Ikaja yangu. Punje kumi za mwanzo, maajabu! Kisha jiwe. Programu ikarusha. Njia ya pili ikarusha, ya tatu, zote nane, zikapanga foleni kwenye kitabu kimoja. Mkanda nao haujui mambo ya vitabu, uliendelea kukimbia. Hewa ilipopuliza, jiwe lilikuwa limeshapita, na kilichopigwa ni dengu nzima iliyokuwa nyuma yake. Dengu ziliruka kama bisi. Nyingine kwenye kahawa ya Bi Marlene, nyingine kwenye kofia ya mzee. Mawe yote yakatua salama kwenye pipa la dengu safi.

Mzee akavua kofia, akachungulia ndani. "Kijana, mashine yako inachagua mawe vizuri sana. Ila mimi nalima dengu."

Nilicheka wa kwanza, ili wasipate nafasi. Hawakuihitaji. Lorne alikaa sakafuni kwa kicheko. Bi Marlene alifuta machozi, akaokota dengu kahawani kwa kijiko. "Delmar, mkoa huu jiwe kwenye dengu si hitilafu. Ni Ijumaa ya kawaida."

Ya Lorne imechukuliwa. Lakini bosi, aliyeona vidole vyangu akanibana hadi nikakiri, kasema hajacheka hivyo tangu majira ya baridi, na mtu aliyechambua magunia mawili kwa vidole si mvivu, ni mjinga tu, na ujinga unatibika. Mwezi mmoja zaidi wa majaribio, chini ya Lorne! Sharti moja: nirushe hitilafu kwa jambo lisilotarajiwa tu.

Jumatatu, 25 Agosti

Kazi mpya: kulinda kamera. Kikiingia kitu kwenye kioo, programu yangu itoe taarifa kifutwe. Lorne kaniuliza mara tatu kama sharti nimelielewa. Nimelielewa kuliko yeye! Lisilotarajiwa tu.

Kwa hiyo inarusha hitilafu kwa kila chembe ya vumbi. Kesho tunaifunga shambani kwa Mzee Wasylyk, kombaini tatu zikivuna pembeni. Vumbi, shambani! Nani angelitarajia?