Watu Watano, Goti Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba utafiti wa tiba hufanywa na madaktari tu. Nimelieleza hili kwa subira miaka thelathini na mmoja. Nani anasikiliza? Kuna nesi anayewahoji wagonjwa, mtaalamu wa maabara, karani wa takwimu, dereva wa sampuli. Leo Mkurugenzi kaligundua mwenyewe, kwenye semina! Kanipa kazi: niandike watu watano wa mfano. Yaani watu wasiokuwepo, wanaobuniwa kutokana na mahojiano na waliopo, ili kamati ijue wafanyakazi wetu ni kina nani na wanahitaji nini. Ijumaa kamati itawasoma, kisha iamue nani apewe chumba namba nane.

Chumba namba nane kina dirisha. Changu kina mabomba.

Nesi naye anakitaka. Huwahoji wagonjwa kwenye benchi la korido, wapita njia wakisikia. Kumi na mmoja wameshajitoa. Wakijitoa wengine kumi, utafiti unafungwa. Nasikitika. Lakini dirisha ni dirisha.

Jumanne, 4 Machi

Mahojiano yameanza. Nesi kaja na faili kifuani, kaniamkia, kasema ana dakika kumi. Nikaanza kwa kumweleza maana ya mahojiano. Nilipofika kwenye historia ya mahojiano, dakika zikaisha. Akasema tutaonana, Mzee wangu, huyo akaenda. Vijana hawa!

Mtaalamu wa maabara, ambaye namwita Hadubini kwa jinsi anavyokuza kila kijikosa changu, kasema atakuja nikiahidi kunyamaza. Sikumwelewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia fupi. Mahojiano ya nini? Watu hawa nawajua! Nimejifungia na mabomba yangu, nimewaandika wote watano kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza, Mtafiti Mkongwe, anahitaji utulivu na dirisha. Wa pili, Nesi Kijana, miaka ishirini na sita, anahitaji mtu mzima wa kumwelekeza, ambaye sharti awe na utulivu na dirisha. Na kadhalika. Sikupendelea mtu.

Jioni nimemsomea mke wangu. Akacheka mpaka akatua sufuria. Akauliza, baba watoto, tangu lini binti wa miaka ishirini na sita akaumwa goti akipanda ngazi, akanywa chai bila sukari na kuchukia redio ya jirani? Nikamwambia hajui mbinu za utafiti. Akasema mbinu hazijui, ila goti hilo analijua, analikanda kila Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati. Mkurugenzi kasoma kwa sauti. Wote watano wanaumwa goti. Hadubini akataka kujua dereva huyo anakanyagaje breki, maana sampuli zake ziko humo garini. Wote watano huitafuta miwani ilhali wameipandisha kichwani. Hapo kamati nzima ikanitazama kichwani.

Ilikuwepo.

Sikutetereka. Nikaeleza kuwa watafiti hufanana. Nesi akaomba nafasi. Hakupandisha sauti. Akasema jana alimuuliza mama mmoja, pale kwenye benchi, kama kidonda bado kinatoa usaha, na jirani wa yule mama akapita wakati huohuo, akasimama kusalimia. Mama akachukua mkoba wake, akaondoka bila kujibu. Nesi akasema pia, kwa heshima zote Mzee, katika watu wako watano hakuna hata mmoja anayezungumza na mgonjwa.

Nikapitia kurasa. Kweli. Hata nesi wangu hazungumzi nao.

Kisha Mkurugenzi akasoma sentensi niliyoirudia mara tano: hufurahia sana kuwaelimisha wenzake. Akasema basi, mahitaji ya Mzee wetu yamejulikana. Namba nane ni ya nesi na wagonjwa. Mimi nahamia ukumbi wa makarani, kati ya printa na mlango, nikae na hao wenzangu. Ukumbi wenye watu kumi na wanne!

Jumatatu, 10 Machi

Printa inatikisa meza yangu. Mlango unanipiga kiwiko. Asubuhi nimepita namba nane. Pazia limeshushwa! Dirisha lote lile, na pazia juu yake! Ndani sauti za chini. Karani wa takwimu kaniambia ni yule mama wa mkoba, karudi mwenyewe. Nimefurahi. Kidogo.

Mkurugenzi kanipa nafasi ya pili: niwahoji wenzangu kikweli, niwaandike upya, kazi imfikie saa kumi. Kasisitiza nisikilize. Hakuna haja. Kosa langu nimeshalijua: nilisahau kubadilisha goti. Sasa nesi anaumwa bega, dereva kiuno, Hadubini jino. Kila mtu na lake. Huo ndio utafiti!

Karani kaniuliza kwa adabu kama atahojiwa kabla ya saa kumi. Nimemwambia majibu yake yako ukurasa wa tatu, ayasome vizuri, asije akaniangusha mbele ya kamati.

Agizo moja, kwa yeyote anayetaka kujifunza kazi hii: leo, keti na mwenzako mmoja, umuulize kazi yake ikoje, na akichelewa kujibu, mjibie.